Grenda inachemka mkononi: maswali yenu wiki hii

*Nachomelea mageti. Grenda yangu ya inchi 4 na nusu inachemka hadi haishikiki. Mota ni dhaifu?*

Sidhani. Ifungue uone: kati ya mota na gia kuna feni ndogo, imekaa kwenye shafti ileile ya amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Inavuta hewa kwa matundu ya nyuma, inaipitisha kwenye koili, inaitolea mbele karibu na kichwa. Ukiikandamiza grenda, mzunguko unashuka na feni nayo inalegea, huku mota ikivuta umeme mwingi zaidi. Joto linapanda wakati upepo umepungua! Ukisikia harufu ya kuungua, ni vanishi inayokinga waya wa koili inaungua. Usiigandamize, diski ikate yenyewe. Na baada ya kazi nzito usizime papo hapo. Iache izunguke tupu kama dakika moja, feni itoe joto la ndani. Naomba sana mafundi wenzangu mlizoee hili, linaokoa mota.

*Nifunge kitambaa kwenye matundu kuzuia vumbi la chuma?*

Hapana, utainyima pumzi. Ila vumbi lenyewe ni hatari kweli, maana linapitisha umeme na linaweza kuleta shoti. Chomoa plagi, vaa miwani, puliza matundu kwa kompresa.

*Ninasoma ufundi mitambo. Kwa nini bodi yote isiwe ya aluminiamu ili itoe joto?*

Tazama kibandiko chake: mraba ndani ya mraba. Maana yake ina kinga maradufu ya umeme, na plastiki ni sehemu ya kinga hiyo. Lakini plastiki hiyohiyo inazuia joto kutoka, kwa hiyo mbunifu lazima apange njia ya hewa tangu mchoro wa kwanza. Kichwa cha gia ndicho huachwa cha aluminiamu.

*Za betri zisizo na kaboni hazichemki?*

Huchemka, ila si sana kama zenye kaboni. Hakuna kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha) za kusuguana, na koili haziko kwenye rota, sehemu inayozunguka, bali zimetulia, mara nyingi karibu na ganda. Joto lililobaki liko kwenye transista, yaani swichi za kielektroniki za mota, na kwenye betri. Betri ikitoka kazini ya moto, ipoe kwanza ndipo uichaji.

*Natumia ekstensheni ndefu ya waya mwembamba. Ina ubaya?*

Ndiyo. Volti zinapungua njiani, mota inakosa kasi, feni inalegea. Tumia waya mnene, na kama umezungushwa kwenye roli ufungue wote. Ukibaki umekunjwa unachemka wenyewe.