Mwenzio aiwashe kwanza: niliyopitia nikitengeneza apu za mfano za Miro

Juzi dada mmoja wa Morogoro kanitumia ujumbe mrefu, anasema kajifunza JavaScript (lugha ya kuandikia programu) mwaka mzima, sasa anataka kutengeneza apu za mfano za Miro apate kazi za nje, ananiuliza "kaka, ulianzaje na mimi naanzaje?" Nikaanza kumjibu palepale, nikajikuta jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wake, nikasema basi acha niliweke hapa, maana najua tuko wengi tunaotaka kulipwa kwa dola tukiwa sebuleni kwetu.

Kwa asiyeijua, Miro ni ubao mweupe wa mtandaoni, timu nzima mnaingia kwa pamoja, kila mtu anabandika stiki zake (vile vikaratasi vya rangi vya kuandikia), anachora, anahamisha, na wote mnaona saa ileile. Ilianza 2011 kule Perm, Urusi, ikiitwa RealtimeBoard, jina likabadilishwa 2019 (kwa hiyo ukikuta mafunzo yanataja jina la zamani yapite tu, utapoteza bando). Mtu yeyote anayejua kuandika msimbo anaweza kuongeza apu yake ndani ya ubao, na hapo ndo apu za mfano zinapohitajika, yaani mtu anatafuta kitu kidogo kinachofanya kazi, akisome, akichukue, ajengee cha kwake juu yake.

Hilo mimi nililielewa kwa machungu.

Kampuni moja ya nje ilinipa jaribio. Walichotaka ni kidogo sana: mtumiaji achague stiki kadhaa ubaoni, abonyeze kitufe, stiki zijipange safusafu kwa rangi, njano na njano, bluu na bluu. Wakipenda, watanipa nyingine tano. Nikaiangalia ile kazi nikaona hii ni mistari sitini ya msimbo, wataniona sijui kitu. Nikaweka ukurasa wa kujisajili, nikaweka hifadhidata ya kutunza historia ya mipangilio yote, nikaweka chati, nikaweka lugha mbili. Wiki sita! Nakesha, umeme ukikatika nasubiri, ukirudi saa nane usiku naamka, mama watoto ananiachia chakula mezani kinapoa mpaka asubuhi. Nilipotuma nilikuwa na uhakika kabisa kwamba hii kazi ni yangu.

Ikapita wiki kimya. Halafu likaja jibu la mstari mmoja, kwamba aliyeipitia ameshindwa kuiwasha na kazi wamempa mwingine.

Jamani iliniuma, na mpaka leo ninapoandika hapa bado inaniuma. Siku mbili sikugusa laptopu. Nikajiambia hawa wamenidharau kwa sababu ya ninakotoka, hawakutaka hata kuhangaika kidogo, nikamsimulia kila mtu hivyo na kila mtu akaniunga mkono. Miezi miwili baadaye mdogo wangu akanunua laptopu mpya, nikasema ngoja nimwonyeshe kazi iliyonyimwa haki, nikafuata maelekezo yangu mwenyewe ya kwenye faili la README mstari kwa mstari. Haikuwaka. Ilikuwa inadai hifadhidata iliyopo kwenye mashine yangu tu, inadai ufunguo wa siri ambao sikuutaja popote, inadai toleo la Node (programu inayoendesha JavaScript kwenye kompyuta) ambalo mdogo wangu hana. Tulikaa mpaka saa sita usiku, mimi niliyeiandika, na haikuwaka. Yule mtu wa watu angeanzia wapi?

Na kibaya zaidi, nikipekua nikakuta ile siri ya apu, ile inayothibitisha kwamba apu ni yako, nimeipandisha GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, pamoja na msimbo wenyewe. Kulifuta faili hakusaidii kitu, inabaki kwenye historia, inabidi utengeneze siri mpya na ya zamani ife. Angalia hilo leo kabla hujalala.

Nikaanza upya kutoka sifuri. Unaandika amri npx create-miro-app kwenye terminal, unapata kiunzi cha apu cha kuanzia, unaisajili apu kwenye timu ya wasanidi ambayo ni ya bure, unaipa ruhusa mbili tu, boards:read na boards:write, yaani kuusoma ubao na kuubadilisha, basi. Safari hii nikaandika kile tu nilichoombwa mwanzo, na hapo ndo nikagundua kumbe vitu vinavyomkwamisha mgeni vyote vimo humohumo kwenye ile mistari sitini niliyoidharau.

Mfano, kuna kurasa mbili. index.html inafanya kazi kimyakimya ubao ukifunguka, kazi yake ni kusubiri mtu abonyeze ikoni yako, halafu inafungua app.html ambayo ndo paneli inayoonekana pembeni. Mgeni anaweka vitufe vyake vyote kwenye ule wa kwanza halafu anashangaa haoni kitu. Au unabadilisha x na y ya stiki, yaani namba za mahali ilipo, stiki haisogei hata kidogo, kwa sababu hujaita sync(), amri ya kupeleka mabadiliko ubaoni, na mpaka uite, ubao haujui kama umebadilisha chochote. Hiyo sync() ilinila jioni nzima. Halafu x na y ni ya katikati ya stiki, sio kona, ila stiki ikiwa ndani ya fremu (boksi la kukusanyia vitu ubaoni) inahesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto ya fremu, kwa hiyo safu zako zinaenda kusikojulikana. Na maandishi ya stiki yanakuja na alama za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ukitafuta stiki iliyoandikwa "ndiyo" neno kwa neno hutaipata, maana imekuja "<p>ndiyo</p>". Kila sehemu kama hiyo nikaandika mstari mmoja wa maelezo juu ya msimbo, kwamba hapa nilikwama na sababu ni hii.

Nikaiweka hadharani. Kampuni nyingine kabisa ikaiona, wakaniandikia, na mwezi huu nimewakabidhi apu ya mfano ya tatu. Najivunia, siwezi kuficha.

Kwa hiyo vijana wenzangu, acheni kutengeneza apu ya mfano kama maonyesho ya Sabasaba. Punguza. Ukimaliza punguza tena. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, mwache na README peke yake, wewe kaa kimya, usimwambie "hapo bonyeza pale". Akikwama, kosa ni la README yako, sio lake, na nasema hivi najua inavyouma kulikubali.

Dada wa Morogoro, jibu lako hili hapa: tengeneza apu inayohesabu stiki zilizochaguliwa kwa kila rangi na kuandika jumla kwenye paneli, usiongeze kingine chochote. Nitumie linki. Jumamosi mdogo wangu yupo nyumbani, nitamkalisha yeye aiwashe mimi nikiangalia tu, nitakuandikia alikwama mstari wa ngapi.