Kitara na kifaru: je, Wapolandi waliwakabili Wajerumani hivyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulitazama nyumbani filamu ya zamani ya Kipolandi ambamo askari wapanda farasi wanachomoa vitara na kuviendea mbio vifaru vya Wajerumani, hata mmoja wao akaupiga mtutu wa kifaru kwa upanga. Mjomba wangu, aliyesomesha historia kwa miaka mingi, alisema ndivyo ilivyokuwa mwaka 1939. Binti yangu akasema hakuna mwenye akili timamu awezaye kufanya hivyo. Nani amesema kweli? Na je, walinzi wa Westerplatte waliuawa wote? – Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa Mjomba naye asilaumiwe, kwa kuwa kisa hicho kimo hata katika vitabu vya watu waliokuwapo vitani. Filamu unayoieleza ni Lotna, iliyotolewa na mwongozaji wa Kipolandi Andrzej Wajda mwaka 1959 na kupewa jina la farasi jike anayepita mkononi mwa askari mmoja baada ya mwingine.

Tukio lililozaa kisa chote lilitokea jioni ya tarehe 1 Septemba 1939, siku ya kwanza ya vita, karibu na kijiji cha Krojanty katika jimbo la Pomerania. Askari wa miguu wa Polandi walikuwa wakirudi nyuma na walihitaji muda, kwa hiyo Kanali Kazimierz Mastalerz, kamanda wa Rejimenti ya 18 ya wapanda farasi, aliongoza sehemu ya watu wake kuzunguka msitu, wakaikuta batalioni ya askari wa miguu wa Kijerumani ikiwa katika uwanda ulio wazi. Wakawashambulia kwa vitara, na Wajerumani wakatawanyika. Hadi hapo shambulio lilikuwa limefanikiwa. Ndipo magari ya deraya yalipojitokeza ukingoni mwa msitu na kuwamiminia risasi za rashasha, na kabla hawajapata pa kujificha, ishirini na kitu kati yao walikuwa wamekufa, Mastalerz akiwa mmojawapo. Vifaru havikuwapo.

Basi vifaru viliingiaje? Siku iliyofuata, waandishi wa habari wa Kiitalia walipelekwa mahali pale, wakaona mizoga ya farasi na maiti za askari, na vifaru vilivyokuwa vimefika baada ya mapigano kwisha. Habari iliyotoka ikawa kwamba Wapolandi walivishambulia vifaru kwa mikuki. Propaganda ya Kinazi ililipenda jambo hilo, kwa kuwa lilimwonyesha adui kuwa jasiri lakini mjinga, mtu wa karne iliyopita, na mwaka 1941 filamu ya Kijerumani iitwayo Kampfgeschwader Lützow iliwaigiza wapanda farasi wa Polandi wakivikimbilia vifaru. Baada ya vita, Heinz Guderian, jenerali wa Kijerumani aliyeongoza vikosi vya vifaru huko Polandi, alikirudia kisa hicho katika kumbukumbu zake, na kinachonichekesha ni kwamba katika kitabu hichohicho anasimulia jinsi usiku wa kwanza wa vita divisheni yake moja yenye magari ilivyomletea taarifa kwamba inalazimika kurudi nyuma kwa sababu ya wapanda farasi wa Polandi.

Wajda hakuwa na nia ya kuwadhihaki wapanda farasi. Baba yake mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi la Polandi, mmoja wa maelfu waliouawa na polisi wa siri wa Kisovyeti mwaka 1940. Kitara kinachogonga chuma katika filamu yake ni maombolezo ya kizazi kilichoangamia. Hata hivyo nadhani alikosea, kwa kuwa mtazamaji asiyejua historia huondoka na picha ileile ambayo Wanazi waliitaka, na Wapolandi wengi walimlaumu kwa hilo.

Kwa kweli, mwaka 1939 farasi alikuwa kwa askari hao chombo cha usafiri: walisafiri juu yake, kisha wakashuka na kupigana kwa miguu. Walikuwa na mizinga ya Bofors ya milimita 37 ya kupigia vifaru, pamoja na bunduki maalumu ambazo risasi zake zilipenya deraya nyembamba za wakati ule. Siku hiyohiyo ya Krojanty, kwenye kijiji cha Mokra, Brigedi ya wapanda farasi ya Volhynia chini ya Kanali Julian Filipowicz, ikisaidiwa na garimoshi la deraya, iliizuia Divisheni ya 4 ya Vifaru ya Ujerumani kutwa nzima na kuviharibu vifaru vyake vingi. Hayo ndiyo mapambano halisi ya mpanda farasi na kifaru, na hayana kitara ndani yake. Pengine ndiyo maana watengenezaji wa filamu hawayakimbilii. Isisahaulike pia kwamba jeshi la Ujerumani lenyewe liliingia Polandi na farasi mamia kwa maelfu, waliokokota mizinga na mikokoteni ya shehena.

Lipo pia jambo ambalo filamu za enzi ya ukomunisti zisingeweza kulionyesha, nalo ni kwamba tarehe 17 Septemba jeshi la Kisovyeti liliivamia Polandi kutoka mashariki. Wajda alilazimika kungoja hadi mwaka 2007 ndipo akaifungua filamu yake ya Katyń, inayohusu mauaji yale ya maofisa ya mwaka 1940, kwa watu wanaokutana darajani siku hiyo, hawa wakiwakimbia Wajerumani na wale wakiwakimbia Warusi. Wewe uliye Arusha unaweza kuyaona matokeo ya uvamizi huo bila filamu: makaburi ya Wapolandi pale Tengeru ni ya watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka mashariki ya nchi yao hadi ndani ya Urusi, wakapitia Iran na kufikishwa Tanganyika kuanzia mwaka 1942.

Kuhusu Westerplatte, jibu ni hapana. Katika rasi hiyo ndogo mlangoni mwa bandari ya Gdańsk, ambayo Wajerumani waliiita Danzig, palikuwa na ghala la silaha na askari wapatao 200, ambao walistahimili mizinga ya manowari Schleswig-Holstein na mabomu ya ndege kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 7 Septemba. Waliouawa walikuwa kumi na kitu. Waliobaki walichukuliwa mateka. Imani kwamba walikufa wote ilienezwa na shairi mashuhuri lililoandikwa mwezi uleule, ambamo wanapanda mbinguni kwa safu. Filamu ya mwaka 2013 ilizua ugomvi wa namna nyingine, kwa kumwonyesha kamanda wa walinzi hao, Meja Henryk Sucharski, akitaka kusalimu amri mapema na naibu wake, Kapteni Franciszek Dąbrowski, akishika uongozi, suala ambalo wanahistoria bado wanabishania. Sucharski mwenyewe alifariki Italia, mjini Naples, mwaka 1946. Mabaki yake yalihamishiwa Westerplatte mwaka 1971, kwa hiyo mgeni anayelikuta kaburi lake pale hana kosa akidhani kwamba alifia papo hapo.