Modeli ya kompyuta inajua Lengai italipuka lini?

Mkuu, umeuliza kama hizi modeli za ardhi kuvimba zinaweza kututajia siku Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, itakapolipuka. Siku hazitaji. Nilihangaika nazo nikisoma shahada ya pili, ngoja nikueleze zinachofanya.

Setilaiti ya rada inapima umbali hadi ardhini, siku kadhaa baadaye inapita tena na kupima upya. Ukishapata tofauti, unaiuliza kompyuta: huko chini kuna nini kinachosukuma hivi? Modeli nyepesi kuliko zote ni ya Mjapani Kiyoo Mogi, ya 1958: kitufe kimoja, yaani tufe dogo kama mpira, kinachojaa chini ya ardhi. Chukua Longonot, volkano ya Kenya, iliyovimba kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Weka kitufe kilomita 4 chini, hesabu inadai kimeongezeka takriban mita za ujazo milioni 6. Kishushe hadi kilomita 8, sentimita zilezile 9 zinadai milioni 24! Cha kuamua hapo ni upana, maana chanzo cha chini sana hutandaza uvimbe mbali. Ukiwa na GPS moja tu kileleni, umekwama.

Na si kila mara ni kitufe. Julai 2007, matetemeko ya eneo la Ziwa Natron, jirani na Lengai (kubwa lilifika ukubwa wa 5.9) yalikuja na ardhi iliyotanuka na kudidimia katikati. Hapo ilibidi kuweka kwenye modeli ufa wima uliojaa magma (mwamba ulioyeyuka) upande wa mlima Gelai. Septemba Lengai ikalipuka. Nyiragongo, volkano ya Kongo, Mei 2021, zaha (lava) ilitoka bila uvimbe wa kutangulia; modeli zilifaa baadaye, kuonyesha ufa umepenya chini ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu.

Sasa aibu yangu. Picha zangu za mwanzo zilionyesha Lengai imepanda sentimita 5. Modeli ikakubali bila ubishi, hata kina ikanipa. Nikakimbilia kwa msimamizi, pumzi juu juu. Akauliza swali moja: picha zilipigwa miezi gani? Ya kwanza kiangazi, ya pili masika. Kumbe mvuke wa maji hewani huchelewesha mawimbi ya rada, ardhi ikaonekana iko mbali zaidi, na bondeni hewa yenye mvuke ni nene kuliko kule juu, mita 2,962. Bonde likaonekana limeshuka, kilele kikaonekana kimepanda. Nilikuwa nimepima mvua.