Barua kwa mwanangu: ile kofia yenye namba 2131

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi, na mvua za wiki hii zimenifungia ndani. Ndiyo maana nimepata wasaa wa kukujibu kwa maandishi. Kwenye simu unaniuliza jambo, nikianza tu kueleza unaniambia, "Subiri Mama, kuna mtu ananipigia."

Umeniambia ulipokuwa ukihamisha vitu vyangu hapo Tabata ulifungua lile sanduku la bati ukakuta kofia ya rangi ya chungwa na nyeusi, imetariziwa namba 2131. Ulidhani ni namba ya kiwanja. Ukaenda kutafuta, ukaona ni idadi ya mechi za besiboli alizocheza mtu mmoja mfululizo bila kukosa hata moja, na kwamba siku hiyo mashabiki walisimama wakampigia makofi dakika 22. Ukaniuliza: "Mama, kwani kwenda kazini kila siku ni jambo la kupigiwa makofi? Wewe umefua mashuka ya hoteli Baltimore miaka minane, nani alikupigia?"

Nilicheka, kisha usiku swali lako likaninyima usingizi.

Huyo mtu ni Cal Ripken wa timu ya Baltimore Orioles. Alikulia Aberdeen, mji mdogo wa jimbo hilohilo la Maryland, kwa hiyo watu wa pale walimhesabu mtoto wa nyumbani. Jina la ukoo hawakuhangaika nalo, ilikuwa Cal tu. Tarehe 30 Mei 1982 aliingia uwanjani, na tangu hapo hakuwahi kukosa. Sasa usimpime kwa kipimo cha mpira wetu. Ligi yetu ina timu 16, kila timu mechi 30 kwa msimu. Mchezaji wa Coastal Union akitaka kufikisha mechi 2131 za ligi bila kukosa, itambidi acheze miaka 71 na mechi moja juu yake. Wenzetu wana mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia Aprili hadi Septemba, leo nyumbani, kesho kutwa mji mwingine. Na yeye alisimama kati ya besi ya pili na ya tatu, yaani vile vituo vya kukimbilia, mahali ambapo mipira inakuja kwa kasi na watu wanakuvamia miguuni kwa viatu vya njumu. Mwaka 1985 alitegua kifundo cha mguu. Mwaka 1993 ugomvi ulizuka uwanjani, goti likapinda, kesho yake akaamka hawezi kulikanyagia sawasawa. Jioni akacheza.

Mbele yake kulikuwa na namba ya marehemu. Lou Gehrig wa New York Yankees alicheza mechi 2130 mfululizo, kuanzia 1925 hadi 1939, wakamwita Farasi wa Chuma. Kisha mwili ukaanza kumsaliti. Mei 2 mwaka 1939, wakiwa Detroit, alimwendea kocha kwa miguu yake mwenyewe akaomba asipangwe. Ulikuwa ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, na hadi leo Wamarekani wengi wanauita kwa jina lake. Mwaka 1941 alifariki, hajatimiza miaka 38. Kwa hiyo 2130 ilibaki miaka 56 kama kaburi la mtu mwema: watu wanapita, wanatoa heshima, hakuna anayefikiria kujenga juu yake.

Mimi haya yote sikuyajua. Nilifika kule 1992, wewe una miaka miwili, nimekuacha kwa bibi yako hapa Tanga. Nikapata kazi sehemu ya kufulia ya hoteli moja, mitaa mitatu tu kutoka uwanja wao mpya wa Camden Yards. Zamu yangu saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Nilikuwa na mwenzangu mama mmoja mzaliwa wa Baltimore, mweusi mwenzetu, umri wa kunizaa. Nilimwita Shangazi, akapenda. Ndiye aliyenifundisha besiboli tukiwa tunakunja mashuka, mimi pembe hizi, yeye pembe zile, redio iko juu ya mashine ya kukaushia. Kwenye wimbo wao wa taifa kuna mahali pana neno "O", na watu wa Baltimore hulipigia ukelele mmoja kwa ajili ya Orioles. Shangazi alikuwa akiupiga peke yake mle ndani kati ya mvuke, mimi nashtuka kila siku.

Mwaka 1994, mwezi wa Agosti, wachezaji wakagoma. Wenye timu walitaka kuwawekea kikomo cha mishahara, wachezaji wakakataa, hakuna aliyeshuka. Msimu ukafia hapo na fainali yao kuu ikafutwa, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu 1904. Shangazi alizima redio akasema hataki tena kusikia habari za matajiri wanaogombana na matajiri wenzao. Na wengi walisema hivyohivyo. Mwaka uliofuata wenye timu wakataka kuanza ligi kwa wachezaji wa kuziba pengo. Mwenye timu ya Baltimore alikataa. Lau mechi zile zingechezwa bila Cal, hesabu yake ingekatika kwa jambo lisilomhusu mwili wala moyo. Mgomo ukaisha Aprili 1995 na ligi ikaanza, lakini viwanja vingi vilikuwa na mapengo.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza, mwanangu, na hapa ndipo jibu lako lilipo kama unalitaka upesi. Nyuma ya mashine kubwa ya kukaushia kulikuwa na ukuta mweupe usioonekana na mtu. Shangazi alichukua kalamu ya wino usiofutika, ile tuliyoandikia mifuko ya nguo za wageni, akaandika pale namba ya siku. Kesho yake akaikata kwa mstari, akaandika inayofuata chini yake. Akaja mvulana wa jikoni akaona, naye akawa anapita kila siku kuangalia. Wakaja wapagazi. Akaja hadi fundi wa lifti, mtu wa El Salvador asiyejua Kiingereza wala besiboli. Kulikuwa na mambo mengi ya mchezo ule ambayo sikuyaelewa na mengine siyaelewi hadi leo, lakini kujumlisha moja nilijua. Kila mtu alijua. Usilidharau jambo hilo. Baada ya mwaka mzima wa kusikia mamilioni ya dola ambayo hakuna kati yetu angeweza kuyahesabu, wametuletea kitu cha moja, moja, moja.

Na uwanjani kwenyewe walifanya vilevile. Upande wa kulia kuna jengo refu la matofali mekundu, ghala la zamani la reli ya Baltimore and Ohio. Kwenye ukuta wake walitundika vitambaa vikubwa vyenye tarakimu, na mechi ikishahesabika tu, tarakimu mpya inashushwa. Mimi kama mfua nguo niliviangalia vile vitambaa kwa jicho jingine: nani amevishona, vimepigwa pindo gani hata upepo wa bandarini usivipindue.

Jumatano, tarehe 6 Septemba 1995. Mashuka yalikuwa mengi kuliko siku zote, hoteli imejaa waandishi. Tiketi hatukuwa nayo, wala ya kufikiria. Rais Bill Clinton alikuwepo uwanjani, na makamu wake Al Gore. Wageni walikuwa California Angels. Raundi ya nne Cal akaupiga mpira ukavuka ukuta, na sisi tukausikia: si kwa redio, kwa mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo, kelele zimekuja kama bahari ya kusi inapogonga miamba pale Raskazone. Sasa sikiliza utaratibu wao. Mechi ni raundi tisa, lakini mvua ikiikatiza inahesabika iwapo wageni wamemaliza zamu yao ya raundi ya tano na wenyeji wako mbele. Kwa hiyo hakuna aliyengoja mwisho wa mchezo. Watu zaidi ya 46,000 walikuwa wanangoja mgeni mmoja tu atolewe, zamu ile ya tano iishe.

Akatolewa, baada ya saa tatu usiku. Sisi sote tuko chumba cha chakula cha wafanyakazi mbele ya televisheni, msimamizi wetu naye yumo, mikono kifuani, hasemi lolote. Kwenye ghala sifuri ikageuka ikawa moja.

Alitoka akapunga mkono, akarudi kuketi. Hawakunyamaza. Akatoka tena, na tena. Anashika kifua kama mtu anayesema basi, inatosha, mtaniua. Mwishowe wenzake wawili, Bobby Bonilla na Rafael Palmeiro, wakamsukuma kwa mabega akauzunguke uwanja. Akaenda mdogo mdogo kando ya ukuta, anashika mikono ya watu, wazee, watoto, polisi, mafundi wa majani. Alipofika kwa wapinzani wake nao walikuwa wamesimama, akawapa mkono na kuwakumbatia. Mashine zetu zilikuwa zimeshalia na kunyamaza, mashuka yamejikunja ndani yake, hakuna aliyekwenda.

Kabla ya kuzunguka alikuwa ameiendea familia yake. Alivua jezi akawapa, na fulana ya ndani ilikuwa na maandishi: mabusu 2130 na zaidi kwa baba. Watoto wake wawili walikuwa pale mstari wa mbele, wa kike na wa kiume. Mimi hapo nilitoka nje. Nilisimama pale mlango wa mizigo peke yangu nasikia makofi ya watu wale yakipita juu ya mapaa, na nilichokuwa nikihesabu mimi ni siku zangu mbali na wewe. Sikuwahi kukuambia hili.

Niliporudi ndani Shangazi alikuwa analia waziwazi. Nikamwuliza ana nini. Akasema: "Mume wangu alikwenda kiwanda cha chuma Sparrows Point miaka thelathini, nami nilimfungia chakula cha mchana miaka thelathini. Hakuna aliyehesabu." Akajifuta kwa taulo la wageni, kosa ambalo kwa kawaida angelikemea, akaenda nyuma ya mashine kuandika namba yake.

Kwa hiyo unauliza nani alinipigia mimi. Hakuna, na isingewezekana, maana mimi nilikosa. Juni 1994 bibi yako alipiga simu usiku, umelazwa, malaria imepanda kichwani. Kesho yake sikwenda kazini. Nilikaa sakafuni kando ya simu kutwa nzima, sikula, hadi ilipolia saa mbili usiku akaniambia umefungua macho na umeomba uji. Hoteli ilikuwa na bahashishi ya mwisho wa mwaka kwa asiyekosa hata siku moja, dola mia moja. Nikaikosa kwa siku ile moja, na barua ya kunieleza hivyo iliandikwa kwa adabu sana. Nilikasirika wiki nzima. Jikoni kulikuwa na wanaume waliosema Cal ni mbinafsi, kwamba alipaswa kupumzika, kwamba misimu mingine mkono wake ulipoa kwa uchovu na bado akapangwa kwa ajili ya namba. Shangazi aliwafukuza kwa fagio. Mimi niliona wana hoja kidogo, nikanyamaza, maana fagio lilikuwa karibu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wale hawakukitazama. Baba yake, Cal mkubwa, ndiye aliyemfundisha kazi. Aliwahi kuwa kocha mkuu wa timu hiyohiyo, na 1987 ndiye aliyempumzisha mwanawe raundi za mwisho za mechi moja, baada ya kijana kucheza raundi 8,243 bila kutoka hata dakika. Mwaka uliofuata timu ilipoteza mechi sita za mwanzo, mzee akafukuzwa. Wakaendelea kupoteza hadi zikafika 21. Mwanawe akabaki palepale, anavaa jezi ya waliomfukuza baba yake, anakwenda kazini. Usiku ule wa 1995 mzee alikuwepo, juu kwenye vyumba vya wageni. Kamera ikamwonyesha amesimama, mwanawe yuko chini anamtazama, wamepungiana mikono. Hicho ndicho nilichokiona mimi. Zile raundi zilizobaki ziliniponyoka, ingawa wanasema Orioles walishinda 4 kwa 2. Baadaye mzee Joe DiMaggio, aliyewahi kucheza timu moja na Gehrig, alisema popote alipo mwenzake anamvulia Cal kofia.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Septemba 1998, hesabu ikiwa 2632, Cal alimwendea kocha akamwambia usiku huu usinipange. Hakuwa mgonjwa. Yankees, timu ya Gehrig, ndio waliokuwa wageni, na walipoona hayupo walitoka wote wakasimama ngazini wakampigia makofi. Mimi nilikuwa zamu. Shangazi alikuwa amestaafu, akanipigia simu kazini kuniambia "amepumzika," kwa sauti ileile bibi yako aliyotumia kuniambia umeomba uji. Nilikwenda nyuma ya mashine nikiwa na kalamu, nikakuta ukuta umepakwa rangi upya.

Kofia alininunulia yeye, usiku ule wa 1995, kwa mchuuzi wa barabarani tulipotoka saa tano. Alinunua mbili, hakukubali nimrudishie pesa. Ukija Tanga mwezi ujao niletee, na ukiona ina ukungu usiitie kwenye hiyo mashine yako. Maji baridi, sabuni ya kipande, mkono mmoja ndani, kisha ianike kivulini juu ya bakuli isipoteze umbo.

Mama yako