Maswali ya Wasomaji: Chungu cha Usangi Mbele ya Majaji

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha akina mama wa Moshi tunaotunga shanga, na mwenzetu mmoja hufinyanga vyungu kama alivyofundishwa na mama yake huko Usangi. Tumepata tangazo linalowaalika mafundi wa Kanda ya Kaskazini kuomba nafasi katika mauzo ya sanaa jijini Arusha, ambako washiriki watachaguliwa na jopo la majaji. Wanataka picha tano, maelezo mafupi na ada isiyorudishwa. Je, tutoe fedha bila hakika ya kuchaguliwa? Na je, tunaweza kuongeza vinyago vya mpingo tunavyonunua Dar es Salaam ili meza ijae?

JIBU: Dada yetu, vinyago viacheni. Katika soko la kawaida aliyelipia kibanda huuza chake na cha jirani, lakini mauzo yenye mchujo humtaka fundi auze alichokitengeneza kwa mkono wake. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mbunifu haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, hivyo kuiwasilisha kazi ya mchongaji kana kwamba ni yenu ni kosa hata kama mlimlipa.

Jambo linalowaangusha wengi ni picha, kwa sababu majaji hawatazishika shanga zenu. Nimeona picha nyingi za mikufu iliyotandazwa juu ya kanga yenye maua, saa sita mchana, kivuli cha mpigaji kikiwa kimelala katikati: shanga nyeupe zinawaka, nyekundu zinapotelea kwenye maua ya kanga, na ule ustadi wa kukaza uzi kwenye ukingo hauonekani kabisa. Tandikeni kitambaa cha rangi moja, kisicho na mng'ao, kivulini karibu na mlango, asubuhi. Picha moja iwe ya karibu kiasi cha kuhesabu shanga. Msichanganye vyungu na mikufu katika ombi moja, kwa kuwa majaji hutafuta mkono mmoja unaojulikana, nao watadhani mnabahatisha.

Hayo yanamaanisha maombi mawili na, yumkini, ada mbili. Ada hulipia kazi ya kupitia maombi, haiwanunulii nafasi, kwa hiyo toeni ile tu ambayo ikipotea haitawaumiza. Ikiwa mfuko unatosha ombi moja, ningetanguliza vyungu, ingawa najua watunga shanga mtaninunia: shanga Arusha zimejaa kila kona, ilhali mfinyanzi ni nadra kumkuta mezani.

Katika maelezo, aeleze kwamba chungu hujengwa kwa mkono bila gurudumu, kisha huchomwa kwa kuni na majani mahali pa wazi, na kwamba lile doa jeusi ubavuni limeachwa na moto, kwani jaji asiyelijua hilo anaweza kulihesabu kuwa dosari. Akisha kukipiga picha chungu kizima, akiinamishe kidogo apige na mdomo wake, ambako unene wa udongo huonekana. Fomu nayo ijazwe kwa jina la mfinyanzi mwenyewe badala ya jina la kikundi, kwa kuwa ndiye atakayesimama mezani na kuulizwa udongo aliuchimba wapi.