Jibu: Ukurasa wenye picha za Misali na Ngezi unachelewa kwenye simu

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Kumbe kwenye kompyuta ukurasa wa tovuti yako ya kazi unafunguka vizuri, ila kwa simu mteja anasubiri mpaka anachoka, tangu ulipoweka picha za kisiwa cha Misali na msitu wa Ngezi, huko Pemba. Kabla hujaulaumu mtandao, tazama ukubwa wa picha. Zikitoka moja kwa moja kwenye simu, mara nyingi huwa na upana wa pikseli 4000 hivi. Mimi huzipunguza hadi 1600, nikazihifadhi kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), na za chini nikaziwekea loading="lazy" ndani ya tagi ya img kwenye HTML, zisipakuliwe mpaka msomaji azikaribie. Ile ya juu kabisa usiiwekee, utaichelewesha bure.

Picha za watoto wakiogelea ufukwe wa Vumawimbi mimi nisingeziweka. Ukiona lazima, futa kwanza taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili.