Kabla hujanunua RAM, pima kwanza kinachosubiriwa

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta mpakato yako ni ya mwaka 2014, ina RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi) ya GB 4 na diski kuu ya GB 500 ya aina ile ya zamani inayozunguka, inatumia Windows 10, huchukua muda mrefu mno hadi kuwa tayari kwa kazi, na fundi amekushauri uongeze RAM. Huenda fundi yuko sahihi, lakini kwa dalili hizo pekee hawezi kuwa na hakika. Mashine inapojikongoja, mara nyingi kuna kifaa kimoja ambacho vingine vyote hukisubiri, na ukiboresha kisichosubiriwa, fedha zitakwenda na tatizo litabaki palepale.

Iwashe mashine, usifungue programu yoyote, iache kwa dakika kumi hivi ili imalize kujipanga, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, itafunguka, nawe utazame asilimia za prosesa (kifaa kinachofanya hesabu zote), kumbukumbu (yaani RAM) na diski. Katika mashine za umri huo nilizozishughulikia, picha iliyojirudia zaidi ni hii: prosesa iko chini ya asilimia 20, diski imeng'ang'ania asilimia 100, na ukiingia kwenye ukurasa wa diski yenyewe unakuta inasafirisha MB 1 au 2 tu kwa sekunde. Wengi hushangaa hapo, kwa sababu hudhani asilimia 100 ni dalili ya data nyingi kupita, ilhali maana yake ni kwamba diski haikupata hata nukta ya kupumzika.

Sababu iko katika umbo la diski yenyewe. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 11, na kabla ya kusoma faili ndogo ni lazima kichwa chake kisogee hadi mahali panapohusika, kisha kisubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Ukijumlisha hayo, diski nzima na yenye afya husoma vipande vilivyotawanyika visivyofika hata 100 kwa sekunde, na Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande hivyo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo hujibu ombi la namna hiyo kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Ndiyo maana kubadilisha diski huifufua mashine nzee kuliko marekebisho mengine yote, na ndiyo maana pia mashine yenye RAM nyingi juu ya diski hiyohiyo bado huchelewa kuwaka.

Hata hivyo, usiihukumu diski upesi, kwa kuwa uhaba wa RAM nao huweza kuichosha. Kumbukumbu ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, katika faili iitwayo pagefile.sys, na hapo diski hupanda hadi asilimia 100 ingawa chanzo kiko kwingine. Njia ya kuvitenganisha ni kufungua Resource Monitor, programu nyingine ya Windows inayoonyesha mambo hayo kwa undani, kuingia upande wa diski, na kupanga orodha kwa wingi wa usomaji. Ukiona pagefile.sys juu kabisa huku kumbukumbu ikiwa imezidi asilimia 90, fundi wako amesema kweli. Ukiona diski iko asilimia 100 wakati kumbukumbu iko asilimia 50 au 60 na kivinjari kimefungwa, basi RAM haina kosa.

Kabla ya kusafisha, kufuta au kusanidi upya chochote, ichunguze afya ya diski. CrystalDiskInfo ni programu ya bure itakayokuonyesha rekodi za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Mistari ninayoitazama kwanza ni 05, C5 na C6: wa kwanza huhesabu sehemu zilizokwisha haribika na kuhamishwa, C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inazisubiria hatima, na C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C5 ikiwa juu ya sifuri, achana na habari ya kasi. Nakili faili zako muhimu kwenye diski nyingine siku hiyohiyo, maana kila usafishaji unaoagizwa na wajuzi wa mitandaoni huilazimisha diski mgonjwa kufanya kazi zaidi.

Ikiwa diski na kumbukumbu ziko shwari, rudi kwenye prosesa, lakini usitazame asilimia peke yake; tazama kasi iliyoandikwa kwa GHz. Niliwahi kuletewa mashine iliyosemekana ina virusi, na kasi yake ilikuwa imekwama chini kidogo ya GHz 0.8 hata ilipopewa kazi nzito. Nilipochomoa chaja tu, ikapanda papo hapo na kupita GHz 2. Katika ncha ya waya wa chaja kulikuwa na sindano nyembamba ya katikati iliyopinda. Mashine za aina ile huitumia sindano hiyo kuitambua chaja, na zisipoitambua hujipunguzia kasi na kukataa kuchaji betri. Windows ilikuwa imeshasanidiwa upya bila mafanikio. Kasi inayoanza vizuri kisha ikashuka baada ya dakika kadhaa, huku feni ikivuma, ni dalili ya joto. Hapo utakuta vumbi limejibana kati ya feni na mapezi ya kupoozea mithili ya kipande cha blanketi, na kulipuliza kwa nje hakutoshi. Ni lazima kifuniko kifunguliwe, feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza, na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ibadilishwe.

Kuhusu programu nitasema machache. Zima zile zinazojiwasha pamoja na Windows, bakiza antivairasi moja, na ziondoe programu zinazojinadi kuwa zinaongeza kasi, ambazo kwa maoni yangu ni mzigo mwingine tu. Ujue pia kwamba Windows 10, katika mpangilio wake wa kawaida, haijizimi kabisa unapoizima, kwa hiyo mara mojamoja tumia amri ya kuanza upya (Restart).

Ukiamua kununua, diski ya SSD ya inchi 2.5 yenye kiungio cha SATA ndiyo inayochukua nafasi ya hiyo yako. Nyingi zina unene wa mm 7, hivyo huingia bila taabu penye nafasi ya mm 9.5. Kwa RAM, soma kwanza maandishi ya kipande kilichomo, kwa kuwa mashine nyingi za mwaka huo hutaka aina ya RAM iitwayo DDR3L ya volti 1.35 na baadhi hazikubali ile ya volti 1.5, na nyingine zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama.

Jambo la mwisho ni Windows yenyewe. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za mwaka 2014 hazimo katika orodha rasmi ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa mashine kama yako ningeweka SSD, kisha ningeijaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure na mwepesi, kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo. Lakini nipatie kwanza asilimia ya diski, asilimia ya kumbukumbu, kasi ya prosesa chaja ikiwa imechomekwa, na thamani ya C5, nami nitakuambia kipi ununue, kama kipo cha kununua.